Nyumba ya mstari Fenton, vyumba viwili, "imekarabatiwa yote": niishi mwenyewe au nipangishe?

Binti wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masiku.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Stoke-on-Trent mwaka wa sita sasa. Ni mhudumu wa wagonjwa hospitalini, zamu zangu nyingi ni za usiku. Ukaazi wa kudumu nimeupata mwaka jana, na siku ile ile nikajiambia kodi ya chumba sasa basi. Nalipa pauni 475 kwa mwezi kwenye nyumba tunayoishi watu watano na bafu moja. Nikirudi saa mbili asubuhi nakuta foleni ya kuoga, mara nyingi nalala na jasho la wodini.

Nyumba niliyoipata iko Fenton, kwenye mtaa wa zile nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta toka kona hadi kona, ukifungua mlango umeshafika barabarani. Dalali anasema ni ya miaka ya 1890. Chini kuna sebule ya mbele, sebule ya kati na jiko. Juu kuna vyumba viwili, na bafu unalifikia kwa kupita ndani ya chumba cha pili. Uani panatosha kamba ya nguo na mapipa ya taka. Bei ni pauni 128,000.

Imekarabatiwa yote. Kuta nyeupe, zulia jipya la kijivu, makabati mapya, boila mpya, bafu lina vigae mpaka juu. Siku nilipoenda kuiona nilisimama jikoni nikashika kaunta, machozi yakanilenga, maana nilimwona mama yangu amekaa pale anachambua mchicha. Nawaambia hili ili mjue moyo wangu uko wapi, nyie mnishauri kwa akili.

Nimeangalia kwenye daftari la serikali la bei za nyumba, liko wazi mtandaoni na ni bure. Anayeuza aliinunua miezi saba iliyopita kwa pauni 79,000.

Akiba yangu yote ni pauni 19,400. Kati ya hizo 12,500 ziko kwenye akaunti ya Lifetime ISA, ile ambayo ukiweka nne serikali inakuongezea moja (elfu kumi ni zangu, zilizobaki ni nyongeza). Benki wamesema kwa mshahara wangu mogeji (mkopo wa nyumba) ya asilimia 90 nitaipata.

Sasa yanayonisumbua. Kuna mwenzangu kazini ananiambia nisiishi humo, nibaki kwenye chumba changu, nyumba niipangishe kwa pauni 750 kwa mwezi ijilipe yenyewe. Halafu pale sebule ya mbele niliweka kiganja ukutani, chini karibu na skating (ule ubao wa chini ya ukuta), nikasikia baridi kuliko sehemu nyingine zote. Dalali akasema ni rangi, bado mbichi. Na la mwisho, baba alifariki 2021 akatuachia watoto wanne nyumba ya Chumbageni. Kwenye fomu wananiuliza kama nimewahi kumiliki nyumba. Nijibu nini?

Fundi wa Shangani

Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Mie ni fundi wa lipu, hapa Uingereza nina miaka ishirini na mbili, na kazi nilifundishwa na marehemu mjomba wangu Unguja, Mji Mkongwe. Nitakujibu la ukuta peke yake, hayo mengine wapo wanaoyajua kunishinda.

Rangi ikiwa mbichi ni mbichi ukuta mzima. Haichagui kuwa baridi usawa wa skating.

Nyumba za umri huo hazina kuta mbili zenye uwazi katikati kama zilizojengwa baadaye. Ni ukuta mmoja, unene wake urefu wa tofali, inchi 9 hivi, na kilichoshika matofali ni chokaa. Mvua ikipiga ukuta unakunywa, upepo ukija ukuta unatema. Sisi hili tunalijua toka kwetu. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na zimesimama miaka yote hiyo kwa sababu zinapumua. Mjomba alikuwa akimwona mtu anapiga saruji juu ya ukuta wa chokaa anasema, "Yule anamziba mgonjwa pua." Na ukipita vichochoro vya Shangani utaona mwenyewe: saruji imetoka mapande mapande, nyuma yake chokaa imekuwa unga, chumvi imetoka nyeupe kama povu la bahari.

Matofali ya Stoke ni hadithi hiyo hiyo, ila baridi zaidi.

Sasa nikwambie wanavyofanya wanaonunua nyumba kuzigeuza haraka, maana nimezifanya kazi hizo kwa mikono yangu. Mwaka 2014 niliajiriwa na bwana mmoja aliyekuwa akinunua nyumba za mstari na kuziuza. Anatupa wiki nne. Tunaingia, ukuta wa mbele umelowa mpaka usawa wa goti, lipu ya kale inaanguka ukiigusa. Kazi ya haki ni kutoka nje kwanza kutafuta maji yanaingilia wapi. Tuliambiwa tubandue mita moja toka chini, tupige lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, juu yake jipsamu, halafu skating mpya na rangi nyeupe. Inapendeza kweli. Na itakaa inapendeza miezi sita, hata mwaka. Lakini maji hayakwenda popote, yamezibiwa njia tu. Yatapanda nyuma ya ile saruji mpaka yapate pa kutokea, na siku moja utaona doa la kahawia usawa wa swichi.

Nilirudi kwenye nyumba mojawapo baada ya mwaka na kitu, nimeitwa kuziba tundu la bomba. Mle alikuwemo mama wa Kikongo na mtoto mchanga, tukaelewana kwa Kiswahili. Kitanda cha mtoto kimeegemezwa kwenye ukuta nilioupiga lipu mimi. Nikakisogeza nipate kupita, nyuma yake ukungu mweusi toka chini mpaka usawa wa mto wa mtoto, na mtoto anakohoa. Akaniuliza, "Fundi, hii ni nini?" Nilimwambia ukweli wote, nikamwambia na aliyeifanya ni nani. Wiki ile ile niliacha kazi kwa yule bwana. Mpaka leo kikohozi kile nakisikia.

Kwa hiyo rudi kaione tena, na chagua siku ya mvua. Usiingie ndani kwanza. Simama ng'ambo ya barabara utazame mgongo wa paa, uulinganishe na wa majirani. Mapaa hayo yaliezekwa sleti, nyepesi. Wengi baadaye wameweka vigae vya zege, vizito sana, bila kuongeza nguvu kwenye mbao, na paa likapinda katikati kama kitanda cha kamba. Kisha tazama gata: kama ukutani pana mstari wa kijani wa kuvu, gata imevuja siku nyingi.

Halafu inama chini. Stoke utakuta mistari miwili mitatu ya matofali ya rangi ya bluu iliyoiva, karibu na nyeusi. Hayo ni magumu, hayanywi maji, wajenzi wa zamani waliyaweka ili unyevu wa ardhini usipande. Kama mtu amemwaga zege uani likayapita kimo, maji yanaruka juu yake kirahisi. Na utafute vitofali vyenye matundu chini ya dirisha la mbele. Matundu yale ni pua ya sakafu, maana sebule ya mbele kwa kawaida ina sakafu ya mbao na chini yake ni uwazi. Yakizibwa, mbao zinaoza chinichini na zulia jipya linakuficha. Ukiwa ndani, jiinue kwa vidole halafu tua kwa visigino. Sakafu ikikurusha, uliza.

Panda na darini, omba ngazi. Tazama kama kuna ukuta kati yako na jirani kule juu, maana nyumba nyingi za mstari darini ziko wazi, moto ukianza nyumba moja unatembea. Tazama kama wamepuliza povu chini ya vigae, benki nyingi zikiliona zinakataa kukopesha. Na kama wamebomoa dohani chini ili kupanua sebule, uliza kilichobaki juu kimebebwa na nini, na cheti cha halmashauri kiko wapi. Dohani ni matofali, yana uzito wa kuua mtu.

Mwisho, yule mtu atakayetumwa na benki anakwenda kuangalia pesa ya benki, si afya ya nyumba. Tafuta mkaguzi wako mwenyewe aliyesajiliwa na RICS, chama cha wakaguzi wa majengo, mwambie unataka ile ripoti ya daraja la tatu. Na kwa kuwa ni Stoke, wakili aombe ripoti ya migodi ya makaa. Ardhi ile imechimbwa sana.

Mama Kisauni

Fundi amesema, mimi naongezea hesabu. Niko Leicester, nina nyumba moja ya mstari naipangisha tangu 2012, na nyingine naishi.

Dadangu, huyo mwenzako wa kazini amekupa nusu ya habari. Mogeji ya kuishi mwenyewe hairuhusu kupangisha nyumba bila idhini ya benki. Ile ya kupangisha, kawaida wanataka kianzio cha robo. Robo ya 128,000 ni 32,000. Huna. Na pesa za Lifetime ISA hazinunui nyumba ya kupangisha. Ukizitoa kwa kazi hiyo wanakata robo ya zote: kwa 12,500 wanachukua 3,125, unabaki na 9,375. Ulizoweka mwenyewe ni 10,000. Yaani hata zako zimeliwa.

Na hizo 750 usizione zote. Cheti cha gesi ni kila mwaka, cha umeme kila miaka mitano, cheti cha nishati kisiwe chini ya daraja E, bima ya mwenye nyumba. Mwaka juzi boila yangu ilikufa Januari, halafu mpangaji akahama nikakaa wiki saba bila kodi, na benki haikusubiri. Ushuru pia umebadilika, tangu 2020 huwezi tena kutoa riba yote kwenye mapato, unapunguziwa asilimia 20 tu. Na kwa sheria ya wapangaji ya 2025, kuanzia tarehe 1 Mei 2026 huwezi kumtoa mpangaji bila sababu inayotambuliwa na sheria. Mimi hiyo naiunga mkono, niliwahi kutolewa hivyo nikiwa na watoto wawili, najua machungu yake. Lakini mtu ambaye hana akiba ya miezi sita asiwe mwenye nyumba wa mtu mwingine.

Ushauri wangu ungekuwa uishi humo na chumba cha pili umpangishe mtu, maana serikali inakuachia mpaka pauni 7,500 kwa mwaka bila ushuru ukipangisha chumba ndani ya nyumba unayoishi. Ila soma tena ulichoandika. Bafu unalifikia kwa kupita ndani ya chumba cha pili. Wewe ukirudi asubuhi utapitia kwenye kitanda cha nani? Na yeye akiwa ni mwanamume? Hiyo nyumba kwa matumizi ni ya chumba kimoja, na wewe unauziwa vyumba viwili. Mwambie dalali hivyo hivyo.

Karani wa Ilford

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa nyumba, London. La Chumbageni ni zito kuliko unavyodhani, tafadhali lisome taratibu.

Wanapouliza kama umewahi kumiliki nyumba, wanamaanisha popote duniani, na ya kurithi imo. Upande wa ushuru wa kununua, kwa bei hii tofauti ni ndogo: anayenunua kwa mara ya kwanza halipi kitu mpaka 300,000, na wewe ukikosa nafuu hiyo utalipa asilimia 2 ya kinachozidi 125,000, yaani pauni 60. Ila kama sehemu yako ya nyumba ya Tanga ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, utahesabiwa unanunua nyumba ya pili, na hapo unaongezwa asilimia 5 ya bei yote. Jumla ingefika 6,460.

Kwa Lifetime ISA ndiko kwenye hatari, kwa sababu utasaini tamko kwamba hujawahi kumiliki. Cha kujua kwanza: mirathi imefungwa? Hati imeshabadilishwa majina au bado inasoma jina la marehemu? Nani msimamizi? Kusanya karatasi hizo umpe wakili kabla hujasaini lolote. Usimfiche, na usimsikilize atakayekwambia "Tanga watajuaje". Tamko la uongo linakufuata mpaka kwenye kazi yako.

Jambo jingine dogo. Benki nyingi hazikopeshi kama muuzaji hajamiliki nyumba miezi sita. Wa kwako ana miezi saba. Nadhani alikuwa anahesabu siku. Si kosa, lakini ujue unazungumza na mtu wa biashara, kwa hiyo mwombe karatasi kama mtu wa biashara: cheti cha boila, cha umeme, cha madirisha.

Na bei si bei mpaka mbadilishane mikataba. Kabla ya hapo unaweza kupunguza au kujitoa, na yeye pia anaweza kukuacha akauzia mwingine.

Binti wa Chumbageni

Wakubwa zangu, wiki nne zimepita, nimerudi na majibu.

Nilikwenda siku ya mvua kama fundi alivyosema. Dalali alishangaa kuniona nimeinama barabarani nahesabu matofali. Vitofali vya matundu vipo viwili chini ya dirisha, vyote vimepakwa saruji na kupigwa rangi nyeusi, ukivipita haraka huvioni. Uani zege limeyafunika yale matofali ya bluu kabisa. Nilipotua kwa visigino sebuleni mlango wa kabati la mita ulitetema.

Nikamlipa mkaguzi pauni 690. Ripoti kurasa 58, nimeisoma yote usiku wa zamu, na neno moja moja nilimuuliza daktari mmoja ambaye baba yake ni mjenzi. Ukuta wa mbele una unyevu mpaka sentimita 90, na juu ya hapo kipimo kinaongezeka tena badala ya kushuka. Sakafu ya mbele ameandika ifunuliwe kabla ya kununua. Darini hakuna ukuta wa kututenganisha na jirani wa kushoto. Dohani imebomolewa sebule ya kati, juu ipo, na cheti hakikupatikana.

Niliomba wapunguze 14,000. Mwenye nyumba akakubali 3,000 na kusema sakafu haifunuliwi kwa sababu zulia ni jipya. Nikajitoa. Nililia nikiwa kwenye basi, maana ile kaunta ya jikoni nilikuwa nimeshaipenda. Mama kwenye simu akaniambia, "Mwanangu, mchicha nitauchambulia popote."

La mirathi: msimamizi ni mjomba, hati bado inasoma jina la baba. Wakili amechukua karatasi za mahakama na anaandika kuuliza rasmi kabla sijasaini tamko. Majibu bado. Asante sana Karani, nilikuwa nimeshaandika "hapana" kwenye fomu kwa kalamu ya risasi.

Sasa kuna nyingine Longton, pauni 98,000. Ilikuwa ya bibi kizee aliyehamia kwa mwanawe. Haijakarabatiwa chochote. Jiko la zamani lakini linafanya kazi, karatasi za maua ukutani kila chumba, bafu liko chini nyuma ya jiko, kwa hiyo vyumba viwili vya juu kila kimoja kina mlango wake. Pembeni mwa dirisha la mbele karatasi imebanduka, ukuta unaonekana, na doa linaonekana. Gata ya juu yake imechomoka, niliona maji yakimwagika palepale. Matundu ya chini yako wazi. Nikilipa kianzio cha asilimia 10 nitabaki na kama 8,900.

Fundi, chokaa ya kupigia lipu hapa Stoke inauzwa wapi? Ninunue mifuko mingapi kwa ukuta ule?

Fundi wa Shangani

Usinunue chokaa hata kilo. Nyumba bado si yako, na ukuta haujakauka. Ukishapata funguo irudishe gata mahala pake, hiyo ni kazi ya asubuhi moja, kisha bandua ile karatasi yote ya mbele na uuache ukuta wazi upigwe na hewa mpaka kiangazi kipite. Huenda ukakauka wenyewe usihitaji zaidi ya kiraka.

Mkaguzi umwite vilevile, usiseme hii naiona mwenyewe. Darini na migodi huvioni.

Jumamosi nina kazi Newcastle-under-Lyme mpaka saa nane mchana. Niandikie faragha jina la mtaa, nitapita niutazame ule ukuta kwa nje. Sitaki pesa. Ukihamia, mama akija, nitakula huo mchicha.